Siku Niliyompoteza Baba Mkwe

Kuna wanaume waliopoteza pete, kuna waliopoteza barua za mapenzi, na jirani yetu mmoja alipoteza meno yake ya bandia siku ya posa. Mimi nilipoteza mzee mzima. Tena si mzee wa kuokota njiani, bali baba mzazi wa yule binti ambaye nikimwona hata kamba za viatu vyangu hujifungua zenyewe.

Lakini ngoja nianze asubuhi, kabla sijawa mjinga.

Mji wetu umepakatwa na mlima kama mtoto. Juu ni msitu wa misonobari, mnene, kijani chake kinakaribia weusi. Chini, maji moto yanabubujika kutoka mwambani bila kuchemshwa na mtu. Wageni huja kwa mambo mawili, kupanda na kuloa. Wanaopanda ni wangu, maana mimi ni mwongozaji wa mlimani. Wanaoloa ni wa Bwana Mabwawa, msimamizi mkuu wa nyumba ya maji, mtu mwenye suruali iliyonyooshwa kwa pasi mpaka unaweza kukatia mkate. Ameishi chini ya mlima ule miaka hamsini na minane na hajawahi kupanda zaidi ya ngazi za ofisi yake. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," husema kila siku, na kwake hiyo si methali, ni maelekezo ya kazi.

Binti yake tunamwita Mvuke. Anakanda migongo na mabega ya wageni katika chumba cha mvuke, na siku ya kwanza nilipomwona alitokea ndani ya wingu jeupe, taulo saba mkononi, jasho likimeremeta juu ya mdomo, akaniuliza, "Wewe ndiye Mbuzi?" Hilo ni jina langu la mlimani. Sijawahi kufurahia kuwa mbuzi kama siku ile.

Miezi minane baadaye nilivaa shati la mikono mirefu nikaenda kwa baba yake kueleza nia yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakunja taulo iliyokuwa mapajani mwake, akaikunjua, akaikunja tena.

"Kijana, kazi yako ni nini hasa?"

"Kuongoza watu mlimani, mzee."

"Yaani kutembea."

"Kutembea na watu, mzee."

"Kuku wangu nao wanatembea na wenzao. Sijampa hata mmoja binti."

Shangazi yake Mvuke, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia la sebule akidhani haonekani, akadakia, "Na yule daktari wa meno? Kijana mtulivu, ana kiti kinachopanda na kushuka chenyewe!"

"Binti yangu haolewi na kiti," mzee akajibu. Nikapata matumaini kidogo. Kisha akanigeukia. "Wala haolewi na viatu. Kazi yako siijui. Jumamosi nipeleke huko juu, niione. Nikiridhika, walete wazee wako. Nisiporidhika, mlango huu usiujue tena, wa mbele wala wa nyuma."

Basi Jumamosi ikafika. Kulipopambazuka nilikuwa nimeshafika nyuma ya nyumba ya maji, pale ngazi za mawe zinapoanzia, nimefua begi, nimefua hata kamba. Mlango ukafunguliwa. Akatoka Mvuke, kilemba cha manjano, buti za kuazima, na tabasamu ambalo lingetosha kuamsha jua kama lingechelewa. Nyuma yake akatoka Bwana Mabwawa, viatu vipya kabisa vya kupandia mlima, na tai shingoni.

"Baba amesema ni ziara ya kikazi," Mvuke alininong'oneza huku akiuma mdomo asicheke.

Nikajikohoza. "Mzee, kwa utaratibu wetu, mwenye mwendo wa taratibu ndiye hutangulia. Mwongozaji anakaa nyuma yake. Hivyo kundi haliachani."

"Nani ana mwendo wa taratibu?"

Mvuke akainama kukaza buti ambayo tayari ilikuwa imekazwa.

"Nimetaja utaratibu tu, mzee."

"Yaani mimi mbele, wewe nyuma, kama ng'ombe anayeswagwa? Sitaki. Nitakaa nyuma mimi. Msimamizi hukaa nyuma aone kila mtu anafanya nini."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema hapana. Kwenye jambo hili huwaambia hapana watu wote. Nimewahi kumwambia bondia mmoja na majaji wawili, wakatii. Lakini hao hawakuwa wamebeba maisha yangu mfukoni mwa shati.

"Kama upendavyo, mzee," nikasema.

Mvuke alinitupia jicho. Jicho lile lilisema wazi: Mbuzi, leo umekuwa kondoo.

Tukapanda. Na mlima, kama uliojua kwamba siku ile nilikuwa na mtihani, ulivaa vizuri. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kiunoni mwa miti, na jua lilipoupiga ukageuka rangi ya maziwa yenye asali. Tulipita daraja la kamba, mto chini yetu ukicheka na mawe. Tulifika kwenye maporomoko yanayoanguka kama pazia refu, na nyuma ya pazia hilo kuna njia nyembamba mwambani, mtu anapita huku maji yakimdondokea mbele ya pua.

Bwana Mabwawa alisimama, akanyoosha mkono, akaugusisha kwenye maji.

"Ni baridi," akatoa hukumu, kama anayemsema jirani asiye na adabu. Lakini sikukosa kuona kwamba hakuuondoa mkono haraka.

Mvuke alipita nyuma ya pazia mbele yangu. Katikati akasimama, mwanga wa maji ukimtembelea usoni, matone yamenasa kwenye nyusi. Akageuka kuniambia kitu. Maporomoko yakakimeza. Nikaitikia kwa kichwa. Mpaka leo sijui niliitikia nini, na kama aliniomba shamba basi nilishampa.

Baada ya hapo tukaingia msitu wa misonobari, na hapo nawaomba mnisikilize vizuri, maana ndipo mkosi ulipopata njia. Chini ya misonobari ile majani membamba yameanguka miaka na miaka, yametanda mkeka mnene, mlaini kuliko zulia la hoteli. Ukitembea, mguu hausikiki. Unakanyaga kama paka. Hata jeshi zima likipita nyuma yako, huwezi kulisikia. Na likiacha kupita, huwezi kusikia pia.

"Miaka yote nakanda migongo ya watu waliotoka huku," Mvuke alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliye ndani ya nyumba ya ibada. "Wanalala kifudifudi wananisimulia. Kuna mmoja alilia. Nikadhani nimemkanda vibaya, nikamwomba radhi. Akasema, hapana dada, nimekumbuka nilichokiona kileleni."

"Na wewe hukuwahi kutaka kuja?"

"Nilitaka. Baba alikuwa akisema mlima ni wa wageni, sisi ni watu wa maji." Akapapasa gome la mti kama anayepapasa shavu. "Alinidanganya. Huu mlima ni wangu kabisa."

Nilikuwa namtazama. Kuna uzuri wa kuangalia mara moja ukaridhika, na kuna uzuri kama wa bonde lile: kila hatua unaonekana upya, na unajilaumu kwamba hatua iliyopita ulidhani umeshauona wote.

"Mbuzi, angalia mbele, utagonga mti."

"Mti utanisamehe."

Akacheka. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeuliza hali ya hewa, "Mama umeshazungumza naye?"

"Amekubali. Amesema tu nisikupandishe mlima ukiwa na mimba."

"Mama naye! Na kaka?"

"Nilimpigia simu. Akasema nisubiri, akakata, akapiga tena akiwa bado anacheka. Nimelihesabu kama ndiyo."

"Na shangazi?"

"Amekataa, lakini kwa sauti ndogo kuliko ya wiki iliyopita."

"Kwa hiyo umeshawamaliza wote."

"Wote. Amebaki baba yako tu."

"Wote," alirudia. Akachuma jani la kangaga, akalizungusha kidoleni. "Una uhakika?"

"Kabisa. Nimeorodhesha."

"Haya, karani," akasema, akaongeza mwendo. Mabega yake yalikuwa yamebadilika. Niliyatazama mabega yale, nikayasifu moyoni, wala sikuyaelewa.

Tulipofika kwenye uwazi ambapo miti inaachia nafasi na mabonde matatu yanaonekana kwa pamoja, nikageuka kwa madaha ya mwenye nyumba. "Mzee, hapa ndipo tunapopumzika, ukiangalia kushoto kwako..."

Kushoto kwake hakukuwapo. Hakukuwa na kulia kwake wala katikati yake. Nyuma yetu kulikuwa na misonobari tu, imesimama wima, kimya, kama mashahidi waliokubaliana kutosema.

"Baba?" Mvuke aliita.

"Mzee!" nikaita. Bonde likanirudishia: zee, zee, zee.

Jasho la mlimani nalifahamu. Lile halikuwa la mlimani. Miaka sita ya kazi sijawahi kupoteza hata kofia ya mgeni, na sasa nilikuwa nimepoteza mgeni chini ya kofia, tena mgeni huyu!

"Amepumzika mahali," nikasema.

"Mbuzi." Mvuke alinishika mkono. Vidole vilikuwa baridi, vidole ambavyo kila siku vinashinda kwenye joto. "Goti lake la kushoto halikunjiki vizuri. Ndiyo sababu hakutaka kutangulia. Hakutaka ulione."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniapisha."

Tulirudi kwa haraka, si kwa mbio, kwa sababu mwenye mbio haoni chini. Nilikuwa nikisoma ardhi. Viatu vyake vilikuwa vipya na soli zake zilikuwa na meno kama ya mamba, namshukuru Mungu kwa ushamba ule. Kwenye jiwe moja lililopasuka katikati, meno ya mamba yaliiacha njia, yakashuka kulia, mahali ambapo hakuna alama ya rangi wala njia ya mbuzi, achilia mbali ya msimamizi mkuu mwenye tai.

"Kwa nini ashuke huku?" nikasema. "Hakuna kitu huku."

Mvuke akasimama ghafla, pua juu. "Unasikia?"

"Sisikii sauti yoyote."

"Si sauti. Harufu. Kiberiti."

Nikavuta pumzi. Mimi nilisikia misonobari, udongo wenye unyevu, na mafuta ya nazi ya nywele zake, ambayo hayakusaidia uchunguzi. Lakini yeye alishaanza kushuka. "Kama mimi nimeisikia, baba aliisikia tangu kule njiani. Mtu huyu akisikia harufu ya maji moto huwa hasikii tena watu."

Tukashuka tukishikilia mizizi. Katikati akanisimamisha, mikono yake yote miwili kifuani pangu.

"Sikiliza. Tukimkuta, mwambie ulikuwa umesimama kumngoja. Mimi nitasema hivyo hivyo."

"Atajua."

"Hatajua. Namfahamu baba yangu. Akijua umemsahau njiani, kwisha habari. Shangazi ataanza kunishonea gauni la kukalia kwenye kiti cha yule daktari."

Nitasema kweli: nililipima lile neno na nikaliona jepesi na tamu. Nani angetujua? Misonobari?

Tulimkuta kwenye shimo la mawe lililojificha nyuma ya kangaga. Mwamba ulikuwa umepasuka kidogo, na kutoka kwenye ufa ule maji yalikuwa yakichuruzika, yametengeneza kidimbwi kisichozidi sinia tatu. Mvuke mwembamba ulikuwa ukipanda. Bwana Mabwawa alikuwa ameketi juu ya jiwe, tai ameitupa begani, suruali ameipandisha mpaka magotini, ile pasi yote imekwisha. Miguu ilikuwa majini. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotezana naye utotoni.

"Mmechelewa," akasema.

Mvuke alimkumbatia shingoni akiwa bado amesimama na buti za matope. "Baba! Umetutia roho mkononi!"

"Onjeni haya," mzee alisema, hakusikia hata neno. Akachota maji kwa kiganja, akayanusa, akalamba kidogo. "Ni yale yale. Ladha ile ile ya chuma. Miaka thelathini na minne nayapokea maji haya pale chini, nayagawa, nayafungia mabomba. Nilikuwa najiona kama yanaanzia kwangu." Akatazama juu, miti, miamba, mwanga unaochuja. "Kumbe yanatoka mahali pazuri hivi, na mimi sijawahi hata kuja kuyasalimia kwao."

Mimi, ambaye mama yangu huniita redio isiyozimika, nikainama tu nikayaonja.

Kisha macho yake yakatua kwangu, na yakawa tena yale ya ofisini. "Sasa. Mlikuwa wapi?"

Mvuke akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Tulikuwa mbele, mzee. Nilikuacha. Utaratibu wetu unaujua, nikauvunja kwa kutaka kukufurahisha. Halafu sikugeuka kukuangalia, nilikuwa namwangalia binti yako."

Mvuke alifumba macho, kama mtu anayesikia sahani ikiteleza mkononi mwa mwingine.

"Ulimwangalia kwa muda gani?" mzee akauliza.

"Tangu maporomokoni, mzee."

"Hiyo ni nusu saa."

"Inawezekana ikawa zaidi, mzee."

Maji yakachuruzika.

"Pale kwangu," alisema taratibu, "mfanyakazi akimuunguza mgeni, huja kuniambia mgeni mwenyewe ndiye aliyefungua bomba. Wote. Miaka thelathini na minne, wageni wangu wamejiunguza wenyewe." Akanipima juu mpaka chini. "Vua viatu."

"Mzee?"

"Vua viatu. Mimi simpangii mtu bwawa kabla sijaona nyayo zake."

Nikavua. Sasa, miguu ya mwongozaji si ya kuonyesha wakwe. Yangu ina vidole vilivyotawanyika kama watu waliogombana kwenye mkutano, na ukucha mmoja niliuaga zamani. Mzee akaushika mguu wa kulia akauweka gotini kwake, lile goti zima, akaugeuza kama anayesoma barua kutoka mbali.

"Hiki kidole kilipatwa na nini?"

"Jiwe, mzee. Mwaka juzi. Nilikuwa nimembeba mama mmoja aliyeteguka mguu, sikuona nilipokanyaga."

"Ulimbeba kutoka wapi?"

"Kutoka kwenye mabonde matatu, pale juu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka mlangoni kwako, mzee. Ulimpokea wewe mwenyewe. Ukamwita mwenye kiti cha magurudumu, ukamwita mwenye taulo." Nikasita. "Mimi hukuniona."

Kidole gumba chake kikatulia juu ya kovu langu. "Mama mwenye miwani ya kamba," alisema.

"Ndiye."

"Kila mwaka ananiandikia. Kila barua anauliza, yule kijana hajambo? Na mimi sikuwahi kujua anamuulizia nani." Akaurudisha mguu wangu chini polepole, kama kitu cha kuvunjika. "Haya. Kazi nimeiona. Walete wazee wako."

Niliruka. Nakiri niliruka, peku, juu ya mawe yenye utelezi, nikaanguka nikakaa kitako kwenye kangaga, nikawa nacheka peke yangu kama punguani. Mzee naye akacheka, cheko fupi lenye kutu ambalo nadhani halikuwa limetumika muda mrefu. Akanipa mkono kuniinua, tukabaki tumeshikana, tunatikisana, mwanangu, baba, mwanangu, baba.

"Hongereni," Mvuke alisema.

Alikuwa amesimama pembeni, mikono kifuani.

"Hongereni sana. Mmependezana. Arusi yenu ni lini?"

Tukaachiana mikono.

"Mvuke..."

"Umemwomba baba. Umemwomba mama. Kaka umempigia simu. Shangazi umembembeleza wiki nzima. Mimi je? Ni lini uliniuliza mimi?"

Nikafungua mdomo kumtajia siku. Nikaitafuta. Niliitafuta miezi minane yote, kwenye daraja la kamba, mlangoni pa chumba cha mvuke, kwenye simu za saa nzima. Nilikuta utani. Nilikuta sifa, rundo la sifa. Nilikuta mipango, tutajenga hivi, tutaishi vile. Swali sikulikuta.

"Nilidhani unajua," nikasema.

"Najua. Kujua si kuulizwa."

Nikamtazama baba yake. Yeye alikuwa akitazama vidole vyake majini kwa makini ya ajabu. "Hapo, mwanangu," alisema, "kila mtu na mzigo wake."

Basi nikapiga magoti pale pale kwenye mawe. Nilitafuta mzaha, maana mzaha ndio fimbo yangu ya kutembelea, nikaona sina. Nikabaki na maneno machache, yamekauka.

"Nimekuwa nikizunguka kwa watu wote kwa sababu wao wakikataa ningeweza kubisha. Wewe ukikataa, sina pa kubishia. Niliogopa, ndiyo hivyo tu. Nakuuliza sasa. Utanikubali?"

Macho yake yalilainika, nikaona. Lakini kidevu chake ni cha baba yake.

"Miezi minane umeningojesha swali," alisema. "Jibu nitakupa kileleni."

Akageuka, akapita katikati ya kangaga, akaanza kupanda. Kilemba cha manjano kikawa kinamulika kati ya miti, juu, juu zaidi. Alipanda vizuri. Alipanda kama mtu aliyezaliwa huko. Nikadaka kiatu kimoja, nikatumbukiza mguu, nikadaka cha pili.

Na hapo nikamwona mzee. Alikuwa amejaribu kunyanyuka ili anipishe, goti la kushoto likamkatalia, akakaa tena haraka akijifanya alikuwa anatafuta soksi.

"Nenda," akaniambia bila kunitazama. "Mfuate. Mimi nipo."

Kiatu cha pili kilikuwa mkononi. Juu, manjano ile ilikuwa inapungua. Kila nilichokitaka duniani kilikuwa kinapanda mlima, na mimi kupanda mlima ndicho kitu ninachokijua kuliko vyote.

Nikakiweka kiatu chini.

"Mvuke!" nikaita.

Akasimama kwa mbali. "Huji?"

"Siwezi kumwacha mgeni!"

"Hata mimi nikienda?"

"Hata ukienda! Nitakuja, lakini nitakuja na baba yako! Ikifika jioni, ifike! Usiondoke kwenye alama nyeupe za njia!"

Kilemba kikapotea kati ya miti. Nikavua na kile kiatu kingine, nikakaa karibu na mzee, nikalishika lile goti bila kumwomba ruhusa, nikaanza kulikunja na kulikunjua polepole ndani ya maji moto, kama tunavyowafanyia wageni wote wenye magoti ya namna ile. Hakukataa. Tulikaa hivyo, wanaume wawili wakubwa, tukisikiliza msitu wenye zulia usiotoa siri ya hatua za mtu.

Sikumsikia akirudi. Niliona tu buti za kuazima zimesimama mbele yangu, zina matope mapya.

Mvuke akaketi ubavuni kwangu. Akafungua kamba, akavua buti, akavua soksi akazikunja moja juu ya nyingine kama anavyokunja taulo zake. Akaingiza miguu majini, mguu wake wa kushoto ukakaa juu ya kile kidole changu kibovu, taratibu, ukabaki hapo.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?" baba yake akauliza.

"Ni ya kwake hiyo, baba. Wewe ulishapata yako."

Niulizeni jua lilikuwa wapi wakati ule, au kama ndege walilia, sijui. Najua uzito wa mguu ule. Ningeweza kuuchagua gizani kati ya miguu elfu.

Bwana Mabwawa akajikohoza. Akapandisha mkono wa shati, akachovya kiwiko majini, kama anavyopima mabwawa yake kila asubuhi, akatikisa kichwa.

"Ajabu," alisema. "Nilipofika yalikuwa nyuzi thelathini na nane. Sasa ni arobaini." Akainua miguu yake na kuisogeza pembeni. "Sogeeni huko, mtaniunguza."